Dini ya Fundi Kyule

Jiwe la kwanza lilitua juu ya mabati Nduku akimimina uji. La pili lilipita dirishani, likaipiga sufuria, na uji wote ukamwagika sakafuni. Unga mwingine haukuwepo. Binti yake Mumbua, mtoto wa miaka kumi na mmoja, alijitupa chini ya meza bila kuambiwa, kwa kuwa hiyo ilikuwa siku ya tatu ya mawe na alikwisha kuzoea.

"Toka nje, Kyule! Toka utuambie sola ziko wapi!"

Kyule, mumewe, alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda akifunga kamba za viatu. Alifunga fundo, hakulipenda, akalifungua, akafunga jingine. Nduku alimtazama na hasira zikampanda. Nyumba inapigwa mawe, na mwanamume anatafuta fundo zuri!

"Baba Mumbua," alisema, "leo utakigusa hicho kithitu cha kuapia?"

"Sigusi."

"Kwani itakukula? Wewe si husema hiyo kitu ni mti na ngozi tu? Gusa mti, gusa ngozi, turudi nyumbani tukiwa wazima."

"Nduku, nimesema. Usinirudishe hapo."

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Jumapili alfajiri, watu wa Nuu waliokwenda kisimani na punda wao walikuta paneli zote kumi na mbili za sola zilizoendesha pampu zimeondolewa, na mlinzi, Mzee Mutiso, amelala kando ya ua wa seng'enge. Alikuwa amekatwa panga shingoni mara mbili, na mkono wa kushoto, ule aliojikinga nao, ulikuwa unaning'inia kwa ngozi. Alikata roho ndani ya pikapu kabla hawajafika hospitali ya Mwingi. Kufuli ya lango haikuvunjwa. Nati nazo zilifunguliwa vizuri kwa spana, zikaachwa chini pamoja kama za mtu anayetarajia kurudi kuzichukua. Funguo za lango zilikuwa kwa watu saba wa kamati ya maji, na kati ya hao saba fundi ni mmoja, yule aliyezikaza nati zile kwa mkono wake mwenyewe.

Na kana kwamba spana haikutosha, Kyule ndiye mwanamume pekee katika Nuu nzima aliyesema waziwazi kwamba Mungu hayupo. Miaka yote watu walimcheka tu. Walimwita Pasta wa Hakuna. Kwenye mazishi alichimba kaburi kuliko vijana, na maombi yalipoanza alisimama kando na kofia kichwani, akingoja wenzake wamalize kuzungumza na hewa. Nduku, ambaye ndiye aliyeanzisha nyimbo kanisani, alikuwa amemwombea wokovu mpaka magoti yakaota sugu. Lakini hayo yalikuwa mambo ya miaka ya mvua. Sasa ukame ulikuwa umeingia mwaka wa pili, kisima kimekufa, mlinzi amekufa, na mtu asiyemwogopa Mungu hakumchekesha mtu tena.

Nduku alikuwa na donge jingine moyoni ambalo hakuwa amemwambia yeyote. Jumamosi ile Kyule alikwenda ng'ambo ya mto kutengeneza pampu ya mtu, naye Nduku, kwa uchovu wa kuchota maji, alilala kabla mume hajarudi. Alipoamka alimkuta kando yake. Saa aliyoingia hakuijua.

"Jumamosi ulirudi saa ngapi?"

Kyule aliinua kichwa. "Jana uliniuliza. Nilikujibu nini?"

"Saa tatu."

"Basi ni saa tatu. Mimi neno langu ni moja. Mtu wa kushikishwa mti na ngozi ndiyo aseme ukweli, huyo ni mwongo tayari."

Nduku angalimpiga kofi. Badala yake alimtoa Mumbua chini ya meza, akamfuta uji miguuni, na wote watatu wakatokea mlango wa nyuma hadi dukani kwa Salim. Salim alikuwa mmoja wa wale saba na alikwisha kutangulia kisimani. Mkewe, Zulekha, alimvuta mtoto ndani akateremsha kitasa.

"Mwache hapa, Mama Mumbua. Wewe nenda. Mtu akimtaka huyu atapita juu yangu kwanza."

*

Uwanja wa kisima ulikuwa umejaa. Wanaume walisimama upande mmoja, wengi wao na mapanga ambayo hakuna aliyejisumbua kuyaficha, na wanawake upande wa pili. Mbuzi walikuwa wamefukuzwa mbali. Hatua thelathini kutoka kwa watu, juu ya ardhi iliyofagiliwa, kilikuwa kithitu, kimefunikwa gunia. Mwenye kithitu alikuwa mzee mkavu aliyeletwa kutoka mbali kwa pikipiki, na aliyemleta alikuwa amekwisha kuomba asimrudishe. Hakuna Mkamba anayehitaji kuelezwa kithitu ni nini. Ukikiapia uongo kinaanza na watoto, halafu mifugo, halafu wewe mwenyewe ukibaki kutazama.

Naibu chifu alikalia jerikeni, daftari gotini. Mbele yake alisimama Mutisya, mtoto wa marehemu, katika shati lile lile alilompakatia baba yake ndani ya pikapu. Damu ilikuwa imekauka ikawa nyeusi kifuani. Alikataa kulivua tangu Jumapili.

"Serikali inataka amani," naibu chifu alisema, jasho likimtiririka. "Kila mtu wa kamati ataapa kwa dini yake. Akishaapa, hakuna wa kumgusa. Mutisya, tumeelewana?"

"Mmoja baada ya mwingine," Mutisya alijibu. "Na asiyeapa ni wangu."

Akaanza Munyoki, mwenyekiti wa kamati, ambaye pia ni mzee wa kanisa la kina Nduku. Alishika Biblia, akaapa kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani kwamba hakuiba na hakumjua mwizi. Wawili wengine wa kanisa wakafuata. Salim alitawadha kwa maji ya chupa, akaufungua msahafu kutoka katika kitambaa cha kijani, akaapa. Wawili waliobaki hawakuwa watu wa kanisa wala wa msikiti. Walivua mashati, wakaenda mpaka kwenye gunia, wakakipiga kithitu kwa kijiti mara saba, kila pigo na maneno yake. Wa pili alitetemeka mpaka kijiti kikamponyoka, na watu wakaguna. Lakini alimaliza. Akabaki Kyule.

"Dini?" naibu chifu aliuliza, ingawa alijua.

"Sina."

"Nikuandike wapi sasa?"

"Andika nimesema sikuiba, wala sikumgusa Mutiso. Mutiso alikuwa rafiki yangu. Tulikunywa chai pamoja hapo alipouawa."

"Usitaje jina la baba yangu!" Mutisya alisema.

Mwenye kithitu alisogea. Hakuwa na hasira. Alionekana kutaka kuelewa tu. "Mwanangu, kama huna dini, basi hiki si kitu kwako. Mbona usikiguse? Wenye dini ndio wana sababu ya kukikataa."

"Mzee, nikikigusa nitakuwa nimewaambia watu hawa kwamba kile kifurushi kinajua ukweli kuliko mimi. Huo ndio uongo. Nitaapaje kwamba sisemi uongo huku nikiusema?"

Mahali fulani nyuma mtu alicheka. Nduku alifumba macho. Alimjua mumewe, akianza kufafanua namna hiyo, hata ng'ombe hamvuti.

Hapo ndipo Salim alipoinua mkono. Salim ni mtu wa maneno machache na watu humsikiliza kwa sababu hiyo. "Naibu, naomba kusema. Mimi kithitu sigusi, kwa sababu dini yangu inanikataza. Munyoki hagusi, dini yake inamkataza. Huyu naye kuna kitu ndani yake kinamkataza, na kinamkataza kweli, maana mnaona mapanga haya na bado hagusi. Mtu mwenye mwiko ambao yuko tayari kuufia, mnataka awe na dini gani zaidi? Mwandike. Dini yake ni kutoamini. Aape kwa neno lake kama sisi tulivyoapa kwa letu, aende nyumbani."

Watu walinong'ona. Haikuwa hoja mbaya. Hata mwenye kithitu alitikisa kichwa polepole kukubali, kwa kuwa miiko ni kitu alichokielewa. Naibu chifu, ambaye angekubali dini yoyote duniani mradi arudi kwake akanywe maji, alikwisha kuweka kalamu juu ya karatasi.

"Hiyo iko sawa. Kyule, hiyo ni dini yako, si ndiyo? Sema ndiyo tu, niandike, tumalize."

Nduku alijikuta amepasua kundi la wanawake. "Sema ndiyo!" alipiga kelele. "Baba Mumbua, sema ndiyo!"

Kyule alimtazama Salim kwa shukrani, kwa mapenzi hata. Kisha akasema, "Salim, ndugu yangu, ahsante. Lakini siyo dini. Kama ningetaka dini ningechukua moja ya zilizopo. Naibu, usiandike hivyo."

"Kyule, wacha kichwa ngumu! Ni karatasi tu!"

"Ndiyo maana. Usiandike."

*

Pigo la kwanza lilikuwa bapa la panga, begani, na Kyule akaenda chini kwa goti moja. Baada ya hapo haikujulikana nani alipiga na nani hakupiga. Rungu lilimvunja mkono wa kushoto. Nduku aliusikia ukikatika, mlio mkavu kama kuni. Kijana mmoja ambaye Kyule alimtengenezea redio bure mwezi uliopita alimkanyaga mbavu akirukaruka. Salim alijaribu kuingia, akatupwa nje na damu puani. Naibu chifu alipiga filimbi, akapiga simu, akapiga filimbi tena, na mwishowe akasimama tu na filimbi mdomoni.

Mutisya aliukamata mkono wa kulia wa Kyule, akauburuta mpaka kwenye hori la saruji la kunyweshea ng'ombe, akaulaza pale.

"Huu ndio mkono ulioshika spana," alisema, na sauti yake ilikuwa ya kulia. Akainua jiwe kwa mikono miwili, akalishusha. Kyule alipiga ukelele ambao Nduku hakuwahi kuusikia kwa mwanadamu. Mutisya akainua tena, akashusha tena. Vidole vitatu vilikuwa havifanani tena na vidole.

Nduku alikuwa akiwapiga watu ngumi mgongoni, akiuma, akivutwa nywele, akisukumwa chini, akiinuka. Kisha akasikia harufu ya petroli. Wawili walikuwa wanakuja mbio, mmoja na tairi begani, mwingine na chupa ya soda iliyojaa, na watu waliwapisha njia kwa adabu kabisa, kama wanavyopishwa wabeba jeneza.

"Nitakula mimi!" alipiga kelele. "Nitakula kithitu mimi! Kwa niaba yake!"

Alilazimika kusema mara tatu ndipo mikono ikaanza kutulia.

"Mwanamke hali kithitu," mwenye kithitu alisema.

"Mwache ale," Mutisya alisema, akihema. Mikono yake ilikuwa myekundu mpaka viwikoni. "Akidanganya kimmalize yeye na mtoto wake, na mimi nitajua."

Munyoki alijitokeza mbele ya Nduku, Biblia bado kwapani. Hakuwa amempiga Kyule. Hakuwa amefanya chochote. "Dada Nduku, fikiria. Ukigusa kile kitu, kanisani hutakanyaga. Mimi mwenyewe nitasimama kulisema hilo."

"Mzee Munyoki, wakimmwagia petroli, utasimama?"

Munyoki alitazama viatu vyake.

Walimvua kitambaa cheupe cha kanisa, kwa kuwa huendi kule na kitu cha kanisa mwilini, na kichwa chake kikabaki wazi mbele ya wanaume wote. Mwenye kithitu alitembea kando yake hizo hatua thelathini. Aliongea polepole kama daktari.

"Sikiliza, mwanamke. Hiki hakijali kama ulidanganywa. Ukisema hakuua na kumbe aliua, utamzika mtoto wako kabla mwaka haujaisha. Usiku ule ulimwona mumeo kitandani?"

"Nilikuwa nimelala."

"Kwa hiyo hukuona."

"Aliniambia alirudi saa tatu."

"Na unaamini?"

Nduku aligeuka. Kule nyuma, tairi lilikuwa tayari shingoni mwa Kyule. Damu ilimfunika uso ikawa hajulikani ni nani, lakini alikuwa ameinua kichwa, na alikuwa anampigia kelele yeye, si wale waliomshika.

"Nduku! Usiguse! Usipige magoti kwa ajili yangu! Bora wanichome!"

Alimchukia kwa wakati huo, alimchukia kabisa, na papo hapo akajua kwamba mtu wa namna ile hawezi kusema saa tatu kama haikuwa saa tatu. Hakuwa na ushahidi mwingine. Alimfikiria Mumbua nyuma ya kitasa cha Zulekha, na mkojo ukamshuka miguuni mbele ya macho ya watu.

"Naamini," alisema, akapokea kijiti.

Alipiga mara saba. Kila mara alilitaja jina la mumewe, na jina la Mutiso, na jina la mtoto wake.

*

Madaktari walimkata Kyule vidole vitatu vya mkono wa kulia na kuufunga wa kushoto plasta mpaka begani. Alirudi nyumbani baada ya wiki tatu, amekonda, hawezi kufunga kifungo wala kushika kikombe. Mumbua ndiye aliyemlisha. Nduku akikaribia na kijiko aligeuza uso ukutani.

Wiki ya sita polisi walizikuta paneli Kalamba, upande wa Makueni, zimeezekwa juu ya banda la kuku na kufunikwa majani. Vijana wawili waliokamatwa hawakuwa wa Nuu wala hawakumjua mtu yeyote wa Nuu. Walikuja na spana zao. Lango walilifungua kwa ufunguo waliouchukua mfukoni mwa mlinzi baada ya kumkata.

Ufunguo wa nane! Kumbe Munyoki alimpa Mzee Mutiso ufunguo tangu mwaka jana, kinyume cha sheria za kamati, ili akijisikia mgonjwa ajifungulie mwenyewe. Alipoulizwa kwa nini hakusema, alijibu kwamba siku ile aliulizwa kama aliiba, naye aliapa kweli kwamba hakuiba. Habari ya ufunguo hakuna aliyemuuliza.

Mutisya alikuja na mbuzi. Alisimama nje ya uzio kutwa nzima akilia bila kujifuta, hakuthubutu kuingia, na jioni akamfunga mbuzi kwenye kigingi akaenda zake. Nduku hakumfukuza. Wala hakumkaribisha.

Jumapili iliyofuata aliitwa mbele ya baraza la kanisa. Munyoki ndiye aliyesoma karatasi. Dada Nduku alikula kiapo cha mashetani, atasimama mbele ya waumini aseme anajuta, atakaa benchi la nyuma miezi sita, nyimbo hataanzisha.

"Mnataka niseme najuta?"

"Ndiyo, dada. Maneno mawili matatu tu. Watu wanakupenda."

"Sijuti," Nduku alisema. "Nikisema najuta, hicho ndicho kitakuwa kiapo cha uongo, tena nyumbani mwa Mungu. Nikirudishwa pale kisimani leo ningepiga mara saba tena." Alingoja mmoja wao aseme neno. Wote walikuwa watu aliowapikia, aliowazikia wazazi. Kisha akainuka akatoka.

Nyumbani alipika ugali na mboga za kunde, akaziweka mbele ya mumewe. Mumbua alikuwa bado kwa Zulekha. Nduku alivuta kigoda, akanawa mikono, akamega tonge.

"Ngoja mtoto," Kyule alisema.

"Mtoto hayupo. Kula."

Kyule aliipiga sahani teke. Ilizunguka, ikagonga ukuta, mboga zikaruka hadi kwenye pazia.

"Miaka ishirini!" alisema. "Miaka ishirini sijainamia kitu chochote. Wewe umeinama kwa niaba yangu mbele ya Nuu nzima. Sasa wanasema kithitu kilimwokoa Kyule. Watoto wanaliimba hilo! Nilikuambia usiguse. Nilikuambia bora nichomwe."

"Uchomwe kwa ajili ya nini?"

"Kwa ninachokijua!"

"Na mimi? Na Mumbua? Tungepewa nini, majivu?"

Nduku alikwenda akaiokota sahani, akaipangusa kwa kanga, akarudi kwenye sufuria akapakua tena. Alipoongea hakupandisha sauti.

"Salim alikosea kitu kimoja tu. Alisema una dini, akadhani anakutetea. Wewe una dini, Kyule, na ni kali kuliko ya Munyoki. Yake inataka nikae benchi la nyuma miezi sita. Yako haina benchi. Umenitenga wiki tatu humu ndani, hunitazami, huli mkononi mwangu kama mtu aliyeona najisi, kwa sababu nilikuokoa kwa njia isiyo ya dini yako."

"Nduku..."

"Bado. Mimi niliapa kwa kitu ambacho kanisa langu linakilaani, kwa neno la mwanamume asiyemwogopa Mungu, na roho ya mtoto wangu nikaiweka juu yake. Sikuwa nimeona kitu. Nilikuamini wewe tu. Leo kanisa halinitaki, wewe hunitaki, na kile kithitu sikitaki mimi. Katika nyumba hii asiye na dini ni mmoja, na ni mimi."

Alikaa kigodani, akamega tonge, akalichovya kwenye mboga, akalipeleka mpaka mdomoni mwa mumewe. Kyule alikaza meno. Macho yake yalijaa maji na hakuwa na mkono wa kuyafuta.

"Fungua mdomo," Nduku alisema.

Akaufungua.